Jumamosi ya Timgad

Habari za kifo cha Mwalimu Musonye zilinikuta jikoni kwangu, hapa Lurambi, nikichambua kunde za chakula cha mchana. Mdogo wangu alipiga simu kutoka Mumias akaniambia, harakaharaka, kwamba yule mwalimu wa Kabras aliyekuwa akija kwa marehemu baba ametangulia, na mazishi ni Jumamosi. Nikasema pole, nikamuuliza hali ya watoto, nikakata simu. Kisha nikaendelea na kunde zangu hadi nilipogundua kwamba majani nayatupa na vijiti naviweka kwenye sufuria. Mume wangu alinitazama tu. Tumeoana miaka kumi na minane na hajawahi kulisikia jina la Musonye kinywani mwangu, wala la dada yake Nanjala, ingawa hakuna mwaka uliopita bila mimi kumwaza Nanjala. Kuna mambo ambayo mtu hayafichi kwa makusudi. Anayanyamazia siku moja, na siku ya pili inakuwa vigumu zaidi kuyaanza.

Mimi na Nanjala tulikaa chumba kimoja mwaka mzima katika mji wa Batna, Algeria, nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Tulikuwa tumepata nafasi ya masomo ya serikali, na sharti lilikuwa moja: mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kifaransa, na anayeanguka mtihani wa mwisho anarudi kwao. Mimi nilitoka Mumias, yeye Kabras. Nyumbani pengine tungepishana sokoni bila kusalimiana, lakini kule tuliitwa “wale wawili wa Kenya” kana kwamba tumezaliwa tumbo moja. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza moja, na bomba la kupasha joto lililokuwa likiguna alfajiri kama ng'ombe anayetaka kukamuliwa, kisha likipoa kabla hatujaamka. Dirishani tuliona milima isiyo na miti. Mimi niliyekulia kwenye mvua ya kila alasiri sikujua kwamba mlima unaweza kukaa uchi namna ile. Mwezi wa kwanza theluji ilianguka. Nanjala alitoka nje akaishika, akarudi akasema, “Rehema, hii kitu ni barafu ya friji tu, imemwagwa na mtu asiyekuwa na kazi.”

Alikuwa mchekeshaji. Mimi nilikuwa mkimya, na ukimya wangu uliongezwa na Kiarabu changu. Nilikuwa nimesoma madrasa tangu utotoni, nikadhani nitakuwa mwenyeji. Siku ya pili niliwaomba wasichana wa chumba cha jirani maji kwa Kiarabu cha vitabu, wakacheka hadi mmoja akakaa sakafuni. Ukutani kwetu maneno yao yalipenya kila jioni, na kwa kuwa walidhani sielewi, nilisikia mengi. Nilisikia kwamba Nanjala ana meno mazuri. Nilisikia kwamba mimi ni Mwislamu lakini nimekaa kama mtu aliyefiwa. Sikumwambia Nanjala. Alikuwa ameinamia koili ya umeme tuliyokuwa tumekatazwa kuwa nayo, akisonga ugali wa ngano ya chengachenga, ule wa manjano tuliouita obusuma wa Batna. Haukushikana vizuri. Tuliula na mayai na nyanya, milango imefungwa, taulo limewekwa chini ya mlango harufu isitoke. “Mama ananiulizanga kitu kimoja tu,” aliniambia siku moja huku akilamba vidole. “Hata ningempigia simu kutoka mwezini. Umekula?”

Mama yake hakuwa na simu. Nanjala alimpata kupitia kaka yake, Musonye, aliyekuwa akifundisha Mumias na kurudi Kabras mwisho wa wiki. Mimi nilipiga kwetu kila Alhamisi, kwa duka la simu lililokuwa nyuma ya msikiti, lenye vibanda vya mbao vilivyonuka sigara. Alhamisi moja ya mwezi wa tano, wiki mbili kabla ya mtihani, baba alipokea akasema, “Salamu aleikum, Rehema. Kaa chini kama kuna kiti. Kuna mtu hapa anataka kuongea na wewe.” Aliyekuja kwenye simu alikuwa Musonye. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, uwanja wa ndege, mwanaume mrefu mwenye koti lililombana mabegani. Hakusalimia.

“Mama ametuacha Jumanne,” alisema. “Tunamzika Jumamosi, saa nane. Nanjala asijue.”

Nikamuuliza asijue vipi.

“Asijue mpaka amalize mtihani. Akianguka atarudishwa, na mama atakuwa amekufa bure. Mama mwenyewe alisema hivyo, kabla hajafunga macho. Wewe ndiye uko naye. Wewe ni dada yake huko. Nimezima simu yangu asinipate. Umenielewa?”

Nilisema nimeelewa. Mara nyingi nimelirudia jibu lile na kujaribu kuliweka neno jingine mahali pake. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, baba yangu alikuwa amesimama pale pale karibu na simu, na nilikuwa nimelelewa kwamba mtu mzima aliyefiwa akikuagiza, hujadili. Nilitoka kwenye kibanda nikatembea nikizunguka uwanja wa soko mara tatu. Nilipofika chumbani Nanjala alikuwa kitandani na daftari lake la vitenzi. Akaniuliza habari za Mumias. Nikamwambia mvua inanyesha.

Jumamosi ile mwalimu wetu wa Kifaransa, Bi Fatiha, alitupeleka Timgad. Kule Jumamosi ilikuwa siku ya masomo kama nyingine, na alitaka tuone tuliyokuwa tukiyasoma kitabuni. Timgad ni mji waliojenga Warumi kwa ajili ya askari wao wastaafu, kisha ukaachwa, mchanga ukaufunika mamia ya miaka hadi watu walipokuja kuufukua. Ni mwendo wa chini ya saa moja kutoka Batna, katikati ya mashamba ya ngano na shayiri. Nilikuwa nimejaribu kumshawishi Nanjala tubaki tusome. “Usome wewe,” alisema. “Mimi sitarudi Kabras niulizwe Warumi walikaaje niseme sijui.” Alivaa kitambaa chekundu kichwani na akajipaka mafuta mikononi hadi viwiko. Nilimtazama akijipamba siku ya mazishi ya mama yake.

Sikuwahi kubadilisha saa yangu ya mkono mwaka ule. Niliiacha na wakati wa nyumbani, saa mbili mbele, kwa sababu ilinifariji kujua muda huu adhana imeadhiniwa Mumias, muda huu watoto wametoka shule. Siku hiyo ilikuwa adui. Tulipoingia langoni ilisema saa sita na nusu. Mwili ungekuwa umeshatolewa nyumbani, uko uani, watu wanapita kuutazama.

Mji wenyewe sikuutegemea. Nilidhani nitaona kuta mbili tatu zilizoanguka. Niliona barabara. Barabara zilizonyooka kama zimepigwa rula, zimetandikwa mawe makubwa ya bluu kama wingu la mvua, na kwenye mawe mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya magari ya farasi, kina cha kiganja. Kila upande misingi ya nyumba, mlango baada ya mlango, vizingiti vimelika katikati mahali watu walipokuwa wakikanyaga. Mbele kulikuwa na lango la mawe lenye matao matatu, limesimama peke yake, na nyuma yake hakuna kitu ila nguzo na anga. Upepo ulipita bila kuzuiwa na chochote. Wanafunzi wenzetu walitawanyika wakipigana picha. Nanjala aliingia nyumba moja baada ya nyingine, akibisha hodi kwenye milango isiyokuwepo. “Mji mzima,” alisema, “na hakuna hata mtu wa kuuza chai.”

Bi Fatiha alituonyesha vyoo vyao, viti vya mawe vilivyopangwa kama vya chumba cha mkutano. Nanjala alikaa kwenye kimoja, akaweka mguu juu ya mwingine, akasema kwa Kifaransa chake chenye lafudhi ya kwao Malava kwamba hapa ndipo Warumi walipokuwa wakipitisha sheria. Bi Fatiha alicheka hadi akashika miwani. Nami nilicheka. Hilo ndilo ninalotaka kulisema wazi, kwa sababu nimelificha hata nafsi yangu: nilicheka, kwa muda mfupi nilisahau, na nilipokumbuka nilihisi kana kwamba mimi ndiye niliyemuua yule mama.

Kisha tukafika kwenye ukumbi wa maonyesho, ngazi za mawe zilizokata kilima kwa umbo la mwezi mchanga. Nanjala akaniambia nipande hadi juu kabisa yeye abaki chini, tuone kama ni kweli kwamba hata mnong'ono unasikika. Nikapanda. Kutoka juu niliona mji wote umelazwa chini kama mifupa iliyopangwa, na katikati ya jukwaa kitambaa kimoja chekundu. Saa yangu ilisema saa nane na dakika chache.

“Unanisikia?” alisema, bila kupaza sauti.

“Nakusikia.”

Halafu akainua uso, akaweka mikono kando ya mdomo, na akaita salamu ya kwao kwa nguvu zake zote kuelekea kusini, au upande aliodhani ni kusini. “Mulembe, mama! Ni mimi, Nanjala! Nimekula!”

Mawe yaliirudisha sauti. Watu waliokuwa mbali waligeuka, wengine wakapiga makofi. Yeye akainama kama mwigizaji. Mimi nilishuka upande wa nyuma, nikiteleza kwa makalio kwenye mawe kama mtoto, nikaenda nikajificha nyuma ya ukuta nikatapika.

Kulikuwa na mwanamke pale, mkulima wa jirani, mzee kidogo kuliko mama yangu wakati ule, akichuma mboga zilizoota kati ya mawe na kuzitia kwenye shuka lililofungwa kiunoni. Alinishika paji la uso, akanipa maji ya chupa. Akaniuliza kwa Kiarabu chake kilichochanganyika na Kishawi, lugha ya milima ile, kama nina mimba. Nikatikisa kichwa. Akauliza kama nimefiwa. Na mimi, ambaye siku tatu sikuwa nimemwambia mtu yeyote, nikanyoosha kidole kule alikokuwa Nanjala akija kunitafuta, nikasema kwa kile Kiarabu cha vitabu walichonicheka, maneno mawili tu: mama yake amekufa. Nikaongeza: hajui. Sikuhitaji mkalimani wala kamusi. Yalitoka sawasawa.

Yule mwanamke hakuniambia nimekosea wala nimepata. Alimtazama Nanjala akija, kitambaa kimelegea, jasho puani, akiuliza, “Rehema, umepatwa na nini? Ni yale mayai?” Akamwendea. Akamshika mashavu kwa mikono yenye udongo, akambusu paji la uso, akafungua shuka lake na kumjazia mboga mikononi mpaka zikadondoka. Kisha akaenda zake bila kugeuka.

“Huyu mama amenipenda bure,” Nanjala alisema. Alinusa majani, akayasugua kwa vidole. “Weee! Hii inatelezanga kama mrenda. Leo tunakula kama watu.”

Akazipika jioni ile. Ziliteleza kweli. Alikula sahani mbili, akaimba akiosha sufuria, akalala mapema. Nilisema tumbo bado linauma. Kutoka chumba cha pili nilisikia wale wasichana wakiulizana kama wale wawili wa Kenya wamepata habari njema, maana leo chumba chao kinaimba.

Mtihani ulikuja, ukaisha. Siku matokeo yalipobandikwa ukutani majina yetu yote mawili yalikuwepo, la Nanjala juu ya langu. Alinikumbatia akaninyanyua. Nilimwomba twende chumbani. Nilimkalisha kitandani kwake, nami nikapiga magoti sakafuni, sijui kwa nini, na nikamwambia. Hakulia. Aliniuliza siku gani. Nikamwambia Jumamosi. Akafikiri, nikamwona akihesabu majuma nyuma, na nikaona mahali alipofika.

“Ile Jumamosi?”

“Ile.”

Alivaa viatu akaenda duka la simu. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa umevimba, na alisimama mlangoni bila kuingia. “Musonye anasema alikupa habari Alhamisi. Anasema alikuambia uniambie siku hiyo hiyo, ili niombe ruhusa niende nimzike mama.” Akasubiri. “Ni kweli?”

Hapo ndipo ningeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilimwona amesimama pale na mama yake yuko chini ya udongo, baba hakuwahi kuwa naye, na nikafikiri: nikimwambia ndugu yake ni mwongo, atabaki na nani duniani? Nilijiambia ni huruma. Sasa nimekua, najua ilikuwa pia kiburi, na ilikuwa pia kwamba nilijiona ninastahili adhabu. Musonye aliagiza, lakini miguu iliyokwenda naye Timgad akicheka, ikamwacha asimame pale chini, ilikuwa yangu.

“Nisamehe,” nikasema.

“Sikukuuliza hivyo.”

Siku hiyo hiyo alibeba godoro lake kwenda chumba cha wasichana wa Mali, mwisho wa korido. Nilibaki na kitanda cha chuma kilicho wazi, waya zake zikionyesha sakafu. Likizo ndefu ilifika na wenyeji wakaenda kwao. Katika jengo lile la ghorofa nne tulibaki watu wachache sana, na tulipokutana bafuni yeye na mimi tulipishana kama majirani waliogombania mpaka. Nilijifunza kula nikiwa nimesimama. Nilijifunza kuacha redio ikizungumza lugha yoyote. Mara moja nilisonga ugali ule wa manjano, ukashikana vizuri kwa mara ya kwanza, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Mwezi wa tisa walitugawa: yeye alipelekwa Constantine, mimi nikabaki Batna miaka mingine minne. Sikurudi Timgad tena, ingawa kila mwaka kulikuwa na safari.

Tuliporejea nyumbani kila mmoja alishika njia yake. Mimi nilianza kufundisha Kifaransa hapa Kakamega, nikaolewa. Niliambiwa yuko Nakuru, ana watoto wawili. Siku moja Musonye alinikuta mbele ya benki, akaangalia ubao wa matangazo mpaka nilipokwisha kupita. Sikumchukia. Nilitamani tu anisalimie.

Basi Jumamosi ya mazishi yake nilimwambia mume wangu naenda Kabras. Sikueleza zaidi, naye akanipa mwavuli. Nilikaa mstari wa nyuma wa hema, kati ya wanawake wa kijijini nisiowajua, nikasikiliza walimu wakimsifu marehemu kwa kunyoosha wanafunzi. Nanjala nilimwona mbele, kando ya mjane. Alikuwa amenenepa, nywele zimeingia mvi mbele. Alipogeuka aliniona, akageukia mbele tena. Nikaamua nitasubiri mwili ushushwe, kisha niondoke kabla ya chakula.

Nilikuwa nimeshaondoka Nanjala aliponikuta kwenye njia ya miwa. Alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi.

“Unaenda wapi?” aliniuliza.

“Nyumbani. Pole sana kwa kaka.”

“Musonye aliniambia,” alisema. “Miaka minane iliyopita, alipoanza kuugua. Kwamba yeye ndiye alikuzuia. Na kwamba mama hakusema kitu, hakusema nisiambiwe. Alikuwa anauliza tu nitakuja lini.” Alitazama viatu vyake. “Miaka minane najua, Rehema. Na namba yako ninayo. Kila siku ninasema kesho. Nilikuwa nimekuita mambo mabaya sana mbele ya watu. Sikujua mtu anaanzia wapi.”

Nikamwambia hata mimi sikujua.

“Lakini kwa nini hukusema? Siku ile mlangoni. Nilikuuliza.”

“Ulikuwa umebaki na yeye tu.”

Watu walikuwa wakipita kando yetu na sahani za wali. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza, si baba, si mwalimu wetu, si mimi mwenyewe. “Na wewe? Wiki hizo mbili zote, unakula na mimi, unalala na mimi chumba kimoja, na hiyo kitu ndani. Wewe ulikuwa unamwambia nani?”

Nikafungua mdomo nimjibu, na badala ya jibu kikatoka kilio ambacho sikujua ninacho, kikubwa, cha aibu, cha mtu mzima katikati ya njia. Wanawake wawili wa Kabras waliacha sahani zao wakaja mbio. Mmoja alinishika kiuno nisianguke, mwingine akanifuta uso kwa leso yake. “Nyamaza, mama. Nyamaza tu. Mwalimu amepumzika,” walisema. Halafu yule mkubwa, akiona Nanjala hanisaidii bali amekaa chini kwenye nyasi na kunivuta mkono nikae naye, akamuuliza kwa upole, “Huyu ni wa nani? Ni mtu wa marehemu?”

“Hapana,” Nanjala alisema, akaniwekea kichwa begani. “Huyu ni wangu.”